Maswali ya Wasomaji: Kuchagua Begi la Maji la Kuendeshea Pikipiki Nje ya Lami

Barua kadhaa zilizotufikia zinahusu jambo moja, nalo ni namna ya kubeba maji mgongoni unapoendesha pikipiki kwenye njia za mchanga, matope na mawe. Nimezijibu kwa pamoja kwa kuwa jibu la moja linategemea jibu la nyingine, na nimeanza na ile inayouliza swali ambalo karibu kila mnunuzi hulitanguliza.

SWALI: Mimi na wenzangu huendesha pikipiki nje ya lami mwisho wa juma, kwa muda wa saa 3 hadi 5 bila kupita mahali pa kupata maji. Mpaka sasa nimekuwa nikiweka chupa kwenye mkoba ulio nyuma ya kiti, na ukweli ni kwamba sinywi mpaka tutakaposimama. Nimeamua kununua begi la maji, lakini nimekuta ya lita 1.5, ya lita 2 na ya lita 3. Nichukue la ukubwa gani? Huvaa helmeti ya motokrosi (mbio za pikipiki kwenye uwanja wa udongo) na kinga ya kifua.

JIBU: Ndugu msomaji, ukubwa ni swali la pili. La kwanza limo ndani ya barua yako mwenyewe, pale uliposema kwamba hunywi mpaka msimame. Maji unayo tangu mwanzo wa safari. Unachokikosa ni njia ya kuyafikisha kinywani pikipiki ikiwa inatembea, na begi lisilokupa njia hiyo litakuongezea mzigo tu.

Inafaa kukumbuka jinsi kifaa hiki kilivyoanza. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Mmarekani mmoja, Michael Eidson, aliyekuwa mhudumu wa gari la wagonjwa, alikwenda kushiriki safari ndefu ya baiskeli katika joto kali la Texas. Alichukua mfuko wa dripu, akaujaza maji, akautumbukiza ndani ya soksi ndefu, akaufungia mgongoni na kuupitisha mrija wake begani. Kutokana na jaribio hilo ilizaliwa kampuni ya CamelBak, na mabegi yote ya aina hii yaliyoko madukani leo yamefuata mpango uleule: maji yapo mgongoni, mrija upo begani, na mnywaji hahitaji kuacha anachokifanya. Mwendesha baiskeli, hata hivyo, ana uso ulio wazi. Wewe unavaa helmeti yenye taya iliyochomoza mbele, na hapo ndipo mabegi mengi yaliyotengenezwa kwa ajili ya wapanda milima au waendesha baiskeli hushindwa.

Kwa hiyo nenda dukani na helmeti yako, glavu zako na kinga ya kifua, na usione haya kuvaa vyote mbele ya muuzaji. Vaa begi juu yake, funga mikanda, kisha jaribu kuupitisha mdomo wa mrija chini ya taya ya helmeti hadi kwenye midomo yako kwa kutumia mkono wa kushoto peke yake, kwa kuwa wa kulia ndio ulioshika akseleta. Mrija ulionyooka mwisho wake hugonga kidevu au hujikunja na kuziba. Unaofaa ni ule ambao mdomo wake umepinda kwa nyuzi 90, ambao ukiusukuma juu hujielekeza wenyewe mahali pake. Kisha geuza kichwa kulia na kushoto kadiri unavyoweza, huku umeuma mdomo wa mrija. Ukichomoka, mrija ni mfupi. Ukiuachia na ukaning'inia mbele ya kifua, ni mrefu mno na utanasa kwenye matawi, nao unapaswa kupunguzwa kwa kisu chenye makali, kidogo kidogo, kwa kuwa ukishakatwa haurefuki tena. Mwisho, uachie na uone kama unarudi mahali pake bila kuutazama. Kibanio cha sumaku kwenye mkanda wa bega husaidia sana hapa, maana kidole kilichovaa glavu hakiwezi kutafuta kishikizo kidogo wakati gurudumu la mbele liko kwenye mchanga.

Sasa turudi kwenye lita. Mtu anayefanya kazi nzito kwenye joto anaweza kupoteza kati ya nusu lita na lita 2 za jasho kwa saa, kutegemea mwili wake, hali ya hewa na mavazi, na mavazi ya pikipiki hayapitishi hewa kwa wingi. Ushauri unaotolewa kwa wanaofanya kazi juani ni kunywa kikombe kimoja, yaani kama mililita 240, kila baada ya dakika 15 hadi 20, ambacho ni karibu robo tatu ya lita hadi lita 1 kwa saa. Kwa safari yako ya saa 3 hadi 5, hesabu hiyo ni kama lita 2 hadi 5, kwa hiyo chukua la lita 3, na safari ikiwa ndefu au joto likiwa kali utahitaji chupa yako ya zamani ibaki nyuma ya kiti kama akiba. Mfuko wa lita 3 unaweza kuutia lita 2 siku ambayo safari ni fupi, ilhali wa lita 2 hauwezi kupokea ya tatu. Ningekushauri tofauti kama ungekuwa unafanya mazoezi ya motokrosi ya mizunguko michache na kupumzika, kwani hapo lita 1.5 au hata chupa iliyoachwa kwenye gari inatosha, na wepesi una thamani kubwa kuliko akiba.

Kumbuka pia kwamba kila lita ina uzito wa kilo 1, na kilo 3 zinazokaa mabegani kwa saa nzima huhisika. Uzito huo, hata hivyo, unapungua kila unapokunywa, na madhara ya kutokunywa ni mabaya zaidi. Upungufu wa maji unaofikia takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili, yaani kilo 1.4 kwa mtu wa kilo 70, unatosha kupunguza nguvu na umakini. Kwenye pikipiki dalili zake huanza kuonekana katika maamuzi: unachelewa kuvuta breki, unachagua upande mbaya wa korongo, mkono unashika usukani kwa nguvu zisizohitajika. Mwenzako anayekufuata nyuma huziona kabla yako.

Usivuke mpaka upande wa pili pia. Kunywa maji matupu kwa wingi mno, zaidi ya lita 1.4 hivi kwa saa, kunaweza kuifanya chumvi ya mwilini ipungue kwenye damu kiasi cha kuhatarisha maisha. Kwa safari ndefu ya jasho jingi, kula kitu chenye chumvi kila mnaposimama, au changanya chumvi za kinywaji kwenye chupa ya akiba. Kwa nini kwenye chupa, na si kwenye begi, nitaeleza chini.

SWALI: Nina begi zuri la lita 3, lakini kila ninaposimama juu ya vikanyagio na kupita kwenye mawe linaruka na kunigonga kisogoni, na jioni mabega yananiuma. Nimekaza mikanda hadi pumzi inabana. Je, nibadilishe begi?

JIBU: Kabla ya kulibadilisha, fanya jambo moja ambalo halihitaji kununua chochote. Jaza mfuko, ufunge, kisha upindue ili tundu la mrija, ambalo kwa kawaida liko chini, liwe juu. Hewa yote iliyobaki itapanda hadi hapo. Nyonya mrija mpaka hewa iishe na maji yafike mdomoni, ndipo uurudishe mfuko ndani ya begi. Utaona kuta za mfuko zimekutana na maji hayana nafasi ya kwenda huku na huku. Sehemu kubwa ya kule kuruka unakokulalamikia husababishwa na maji yanayopiga kuta za mfuko wenye hewa: pikipiki inaposhuka, maji yanabaki juu, kisha yanafuata kwa kishindo. Begi lenye mikanda midogo ya ubavuni ya kubana mzigo hukuwezesha kuendelea kulipunguza kadiri maji yanavyopungua. Kaza mikanda hiyo kila mnaposimama.

Ikiwa bado linaruka, basi tatizo ni muundo wa mikanda, na hapo kukaza hakutasaidia. Begi la kawaida lina mikanda miwili inayoshuka kutoka mabegani na kupita chini ya kwapa. Mwendesha pikipiki anaposimama huinamisha kifua, huinua viwiko na kusogeza mabega mbele, na kwa kufanya hivyo mikanda ile hulegea mgongoni huku ikichimba sehemu ya mbele ya bega. Ndiyo sababu yanakuuma. Mabegi yaliyobuniwa kwa ajili ya kazi hii hukutanisha mikanda minne katikati ya kifua, kama hatamu, ili uzito ushikwe na kifua chote na mabega yaachwe huru. Kampuni ya Kriega ya Uingereza na ile ya USWE ya Uswidi zinajulikana kwa mtindo huo, ingawa si zenyewe tu zinazoutengeneza. Hilo ndilo jambo ningelitanguliza mbele ya idadi ya mifuko, rangi na jina la mtengenezaji. Lijaribu likiwa limejazwa maji. Begi tupu lililotundikwa dukani hukaa vizuri kwenye mgongo wa mtu yeyote, kwa hiyo mwombe muuzaji alitie maji, kisha simama, inama kama uliyeshika usukani, na ruka mara kadhaa papo hapo.

Kuhusu mkanda wa kiunoni, sishauri uuweke kuwa sharti. Kwa mpanda milima huhamishia uzito kwenye nyonga, lakini kwa mtu anayekaa, kusimama na kuinama kila dakika, mara nyingi hupanda tumboni na kubana pumzi. Mkanda mwembamba wa kulizuia begi lisiyumbe unatosha.

Kuna jambo hukulitaja, nalo ni kama unavaa kinga ya shingo. Ukiivaa, begi refu linalopanda juu ya mabega huisukuma sehemu yake ya nyuma kila unapoinua kichwa, na huenda ndilo linalokugonga. Hapo unahitaji begi fupi, ambalo sehemu yake ya juu inaishia chini ya mkia wa kinga hiyo. Baadhi ya waendeshaji huacha kabisa begi la mgongoni na kutumia la kiunoni lenye mfuko wa lita 1.5 hivi, linashusha uzito chini na linaacha mgongo wa juu upate hewa, ila maji ni machache na mrija unapaswa kupanda safari ndefu hadi mdomoni.

SWALI: Begi nililonunua lina nafasi kubwa ya mizigo pamoja na mfuko wa maji. Naweza kubeba humo spana, pampu, vyuma vya kutolea tairi na mnyororo wa akiba?

JIBU: Tafadhali usifanye hivyo. Nje ya lami kuanguka ni sehemu ya mchezo, na mara nyingi mtu huangukia mgongo au ubavu. Spana iliyoko kati ya uti wa mgongo na jiwe hukusanya nguvu yote ya kishindo kwenye eneo dogo kama kidole, na hakuna kitambaa cha begi kitakachoizuia.

Zingatia jinsi kinga halisi za mgongo zinavyopimwa. Kiwango cha Ulaya cha EN 1621-2 huruhusu wastani wa nguvu inayopenya usiozidi kilonewtoni 18 (kilonewtoni ni kipimo cha nguvu) kwa kinga za daraja la 1, na usiozidi kilonewtoni 9 kwa zile za daraja la 2. Sponji laini iliyo nyuma ya begi lako imewekwa kwa ajili ya starehe na hewa, na isipokuwa imeandikwa kiwango hicho, usiihesabu kuwa kinga. Vaa kinga ya mgongo, kisha begi juu yake, na ndani ya begi weka vitu laini: koti la mvua, chakula kilichofungwa vizuri, bandeji na vitambaa vya huduma ya kwanza. Tyubu ya akiba si ngumu, lakini ni nzito na inakaa vyema zaidi kwenye pikipiki.

Vyuma vyote viende kwenye pikipiki yenyewe: kwenye kimkoba kinachofungwa juu ya madigadi ya nyuma, au kisanduku kinachofungwa kwenye bamba la kukinga injini. Mkoba wa kiunoni uliojaa spana hauondoi hatari, unaihamishia kwenye figo na sehemu ya chini ya uti wa mgongo. Petroli ya akiba isiwemo kabisa ndani ya begi, hata kwenye chupa iliyofungwa sana, kwa sababu ya moto na kwa sababu harufu yake hupenya kwenye plastiki ya mfuko wa maji na haitoki.

Simu nayo ina mahali pake. Ukiwa umeanguka na mguu umebanwa chini ya pikipiki, huwezi kulivua begi. Simu, filimbi na karatasi yenye jina lako na namba ya mtu wa kupigiwa viwe mbele ya mwili, kwenye mfuko wa koti au wa mkanda wa kifua, mahali ambapo mkono wowote kati ya miwili unafika.

SWALI: Maji ya begi langu jipya yana ladha ya plastiki, na la zamani limeota madoa meusi ndani ya mrija. Je, madoa hayo yana madhara, na nitayaondoaje?

JIBU: Madoa hayo ni kuvu, na maji yanayopita juu yake si ya kunywa. Anza na mrija: uchomoe kwenye mfuko, upitishe brashi ndefu nyembamba iliyotengenezwa kwa ajili ya kazi hiyo, kisha uloweke pamoja na mfuko katika maji ya uvuguvugu yenye soda ya kuokea kwa usiku mzima, au tumia vidonge vya kusafishia vinavyouzwa kwa kazi hiyo kwa kufuata maelezo yake. Mdomo wa mrija uvue na uuoshe peke yake, kwa kuwa ule mpasuko mdogo unaofunguka unapouuma ndio unaoficha uchafu mwingi. Kama madoa hayatoki, nunua mrija mpya. Ni sehemu ndogo, na si vyema kuitetea.

Kuvu huletwa na vitu viwili, sukari na unyevu. Ndiyo maana nilisema hapo juu kwamba vinywaji vyenye chumvi na sukari vikae kwenye chupa. Ukitia maji matupu peke yake, usafi unakuwa mwepesi mno: mwaga yaliyobaki siku ileile, suuza, ning'iniza mfuko ukiwa wazi, na utie kitu kitakachotenganisha kuta zake, kwa kuwa kuta zikigusana hazikauki kwa siku kadhaa. Wengine huhifadhi mfuko kwenye friza baada ya kuumwaga na kuukung'uta, nayo ni njia nzuri, maana katika baridi hiyo kuvu haikui.

Hapa ndipo mdomo wa mfuko unapokuwa na maana wakati wa kununua. Ule unaofunguka upande mzima wa juu na kufungwa kwa kipande cha kuteleza huruhusu mkono kuingia, na huuosha na kuukausha kwa urahisi. Wenye kifuniko cha kuzungusha hujazwa vizuri bombani kwa mkono mmoja, lakini ukipenda huo hakikisha tundu lake ni pana kuliko ngumi yako, na kila mara utazame oringi yake, yaani pete ya mpira inayozuia maji yasivuje, kama imekaa sawasawa, kwani ikijipinda utagundua kwa kulowa suruali. Upande wa ladha, mifuko ya poliurethani, aina ya plastiki laini, huwa na harufu ndogo kuliko ile ya plastiki ya bei nafuu, na loweko moja au mawili ya soda ya kuokea pamoja na kukamulia limau humaliza shida. Soma pia lebo kuona kama imeandikwa kuwa haina bisfenoli A, kemikali inayotumika kutengenezea baadhi ya plastiki.

Jaribu mfuko mpya kabla ya safari ya kwanza: ujaze, uufunge, uufunike kwa gazeti, weka kitabu kizito juu yake na uuache mpaka asubuhi. Gazeti likilowa, utakuwa umejua ukiwa nyumbani, na dukani watakubadilishia.

SWALI: Kila ninapoanza kunywa, maji ya kwanza ni ya moto sana. Kuna dawa?

JIBU: Maji hayo ni yale yaliyobaki ndani ya mrija, ambao umekaa juani huku yaliyo mgongoni bado yamepoa. Baada ya kunywa, kabla hujauachia mdomo wa mrija, puliza kwa nguvu kiasi ili maji yarudi mfukoni na mrija ubaki na hewa. Baada ya siku chache utafanya hivyo bila kufikiri. Hewa kidogo ikiingia mfukoni itaongeza mtikisiko wa maji kwa kiasi. Ala ya kuzuia joto inayovalishwa mrija nayo husaidia, hasa kama mkanda wa bega una njia ya kuupitishia ndani.

Kwa maji ya mfukoni, tia maji hadi nusu usiku wa kuamkia safari, uchomoe mrija, ulaze mfuko bapa kwenye friza ili barafu isije kuwa bonge linalokuchoma mgongoni, na asubuhi ongeza maji ya kawaida. Usiujaze kabisa kabla ya kugandisha, kwa sababu maji yakiganda hupanuka kwa karibu asilimia 9 na mshono wa mfuko unaweza kuachia. Anayeendesha kwenye baridi kali apulize vilevile kila mara, kwa kuwa mrija ndio unaoganda mwanzo.